Nimewajaribu machalii wa AI pale Arusha: maandishi chukua, picha waachie

Wadau wa utalii Moshi na Arusha, habari zenu. Wengi mmeniuliza inboksi kuhusu ile ofisi inayotengeneza tovuti na matangazo kwa AI (akili mnemba), na mi ndo nimemaliza nao kazi mwezi uliopita, so naweka yote hapa mara moja nisije nikawa namjibu kila mtu kivyake. Jina lao silitaji maana kuna lawama humu ndani na hawa madogo bado wanajitafuta, ila mlioko Chuga mtawajua tu kwa maelezo.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa maandishi peke yake ningewapa nne na nusu, picha ndo zimewashusha.

Mjue kwanza natokea wapi. Tuna kakampuni ka familia hapa Moshi, ofisi iko Rau, mimi nashika wageni na mahesabu, mdogo wangu anaongoza safari za mbugani na shemeji yangu anapandisha wageni mlima Kilimanjaro. Wageni wetu wengi ni Wajerumani na Wamarekani, na karibu wote wanalipa advansi kabla hawajatuona sura, yaani mtu yuko kwao huko anatuma dola elfu na kitu kwa watu ambao hajui hata kama wapo. Shikeni hilo maana lawama zangu zote zinatokea hapo.

Kifurushi nilichochukua ni laki tisa: tovuti mpya, maandishi ya Kiingereza na Kijerumani, logo, picha za kujazia kurasa, video mbili fupi za Insta na TikTok, pamoja na chatiboti ya WhatsApp, yaani mashine ya kujibu meseji za wageni, ambayo hiyo unailipia elfu sitini kila mwezi. Tovuti yetu ya zamani tulilipa zaidi ya milioni mbili kwa mtu wa Dar na ikachukua miezi mpaka tukakata tamaa, hawa walinionyesha kitu cha kwanza ndani ya wiki. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja Kaloleni, ghorofani juu ya maduka ya simu, machalii wawili na binti mmoja, kila mtu na laptopu yake, wana heshima, unaingia tu "shikamoo mama" na chai ya rangi inaletwa. Watatu hao ndo wanafanya kazi ya mwandishi, fundi wa programu, mpiga picha na mchoraji, na hawafichi, walinambia wazi kwamba programu ya tovuti sehemu kubwa imeandikwa na mashine wao wanaisimamia tu. Nikashangaa, mmoja akanambia mama hii ndo dunia nzima, hata Y Combinator ya Marekani, wale wanaokuza kampuni changa, mkuu wao Garry Tan alisema 2025 kwamba kwenye kundi lao la msimu ule karibu robo ya kampuni programu zao asilimia 95 zimeandikwa na AI. Haya.

Sasa maandishi. Hapa kiukweli wamenifurahisha na kuna kitu wanafanya ambacho sijaona wengine wakifanya. Hawakuniambia "tuandikie unachotaka", walinikalisha, wakawasha simu kurekodi, wakanambia ongea Kiswahili tu kuhusu kila njia ya mlima vile unavyomweleza mgeni akiwa mezani kwako. Nikaongea weee mpaka koo likakauka, shemeji nae akaongezea zake, halafu ile rekodi wakaipitisha kwenye AI ikatoka Kiingereza na Kijerumani. Kuna sehemu ilisikia vibaya, niliposema Kibosho ikaandika kiboko, tukacheka sana, ila binti aliisikiliza yote upya akarekebisha. Kilichotoka kina mambo yetu wenyewe ndani, kwamba Marangu unalala kwenye vibanda pale Mandara, Horombo na Kibo na njia nyingine ni mahema, kwamba Rongai unaanzia upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya na kuna ukavu zaidi so msimu wa mvua inapendwa, kwamba ule ukuta wa mwamba wa Barranco watu wanauogopa kwenye picha wakifika wanapanda wakiwa wanacheka. Haya maneno AI peke yake isingeyapanga hivyo, nimeona tovuti za wenzetu walioomba tu "andika kuhusu Kilimanjaro", zote zinafanana, ukifuta jina la kampuni hujui ni ya nani. Kijerumani nilimtumia bibi mmoja mgeni wetu wa zamani akasoma, akasema kiko safi, kuna sentensi mbili tatu tu ngumu ngumu akazinyoosha. Kiswahili chao cha kwenye tovuti ndo kilinishinda, nikakiandika upya mwenyewe jioni moja.

Na barua pepe. Walinifundisha bure kabisa jinsi ya kumjibu mgeni kwa kutumia ChatGPT, unaandika unachotaka kusema kwa Kiswahili chako na Kiingereza kilichovunjika inakutolea barua iliyonyooka. Kwa mtu kama mimi niliyekuwa nakaa lisaa lizima na barua moja hiyo peke yake imerudisha hela yangu.

Tukaja kwenye picha. Jamani.

Nilidhani watakuja Moshi na kamera, kumbe picha zote zimetengenezwa hukohuko chumbani. Kwa haraka haraka ni nzuri mno, zinang'aa, jua linatua vizuri, kila mtu ana meno meupe. Nikamtumia mdogo wangu kwenye simu akiwa Karatu na wageni. Akapiga palepale: "Dada, nani kaweka twiga Krata?" Nikaangalia, kweli, ile picha ya Ngorongoro imejaa pundamilia, nyumbu, tembo, na twiga wawili wamesimama katikati. Kila anayeongoza wageni hapa anajua twiga hawaishi chini ya Krata, kuta zile ni kali na chakula chake hakitoshi kule chini, utamwona huko juu ukielekea Serengeti lakini sio mle. Mgeni wa kawaida hajui, sawa, ila mgeni anayelipa hela nyingi amesoma vitabu viwili kabla hajaja na atajua, na akishajua anajiuliza hawa watu wameshawahi kufika huko kweli au wako chumbani Lagos wanatuibia.

Nikawapigia. "Mama huyo twiga tunamtoa sa hivi, dakika moja tu." Nikamwambia sio kumtoa twiga mwanangu, huyo tumemwona, je yule ambae sijamwona?

Na walikuwepo wengine. Picha ya Marangu ina mahema. Ile ya wapagazi wamebeba vikapu kichwani wako peku, wakati siku hizi mzigo unapimwa getini, kilo 20, na kampuni isiyovisha watu wake viatu inasemwa mpaka kwenye magrupu ya wageni huko nje. Kibao cha kileleni Uhuru herufi zimepinda hazisomeki. Mlima wenyewe umechongoka juu, sijui ni mlima wa wapi, kilele cha Kibo kila mtoto wa Moshi anakijua ni bapa juu, chenye meno ni kile cha pili, Mawenzi.

Ila iliyoniuma zaidi ni theluji. Kila picha Kilimanjaro imefunikwa nyeupe mpaka karibu na msitu. Nikauliza kwa nini, yule binti akanieleza vizuri kwamba AI imejifunza kwa picha zilizojaa intaneti, na picha za mlima wetu nyingi ni za zamani au zimechaguliwa siku theluji imeanguka, so ukiiomba Kilimanjaro inakupa ule wa kwenye mabango. Sawa, lakini mlima ule haupo tena. Wanasayansi wakina Lonnie Thompson walipima wakasema kati ya 1912 na 2007 barafu ya kule juu ilipungua kwa asilimia 85, na shemeji yangu anayepita pale Stella Point karibu na kilele kila msimu hahitaji kipimo kukwambia. Mgeni anapanda usiku kucha, anafika mita 5,895 kumekucha, anatafuta ile theluji aliyoiona kwenye tovuti yangu, anakuta vumbi, mawe na kipande cha barafu kwa mbali. Hajaibiwa, kafika kileleni, cheti anapewa, lakini anashuka na neno moyoni na hilo neno ndo ataliandika kwenye rivyuu. Mi naona hata kumwambia ukweli ni biashara, kuna watu wanakuja haraka kwa sababu wanajua barafu inaisha.

Msije mkadhani natia chumvi. Februari 2024 kule Glasgow, Uskochi, kuna watu walitangaza sherehe ya watoto ya mambo ya chokoleti kwa picha za AI, rangi rangi, misitu ya peremende, wazazi wakalipa mpaka pauni 35 kwa tiketi, kufika ni ghala tupu lina mapambo machache na watoto wanalia. Ikafungwa siku hiyohiyo na polisi wakaitwa. Dunia nzima ikacheka. Sasa mzazi wa kule alikuwa ametoka mtaa wa pili tu, fikiria mtu aliyetoka Munich na viatu vipya.

Na wageni wameshashtuka. Siku hizi kuna kitu kipya, mgeni kabla hajatuma advansi anaomba video kol ya WhatsApp, anataka akuone ofisini, mwingine anasema zungusha kamera nione mlangoni, zungusha nione gari. Zamani picha nzuri ilikuwa inatosha. Sasa picha ikiwa nzuri sana ndo anaanza kuuliza maswali. Shemeji kaanza kurekodi vivideo vya ovyo ovyo pale geti la Machame, kamera inatikisika, wapagazi wanapiga kelele nyuma, na hivyo ndo wageni wanavipenda, nikivituma bukingi inakubali haraka kuliko zile video mbili za laki.

Video zenyewe nizungumzie kidogo. Ziko poa kwa macho, muziki upo, sauti ya mzungu inaongea. Moja ilikuwa na Wamasai wanaruka na shanga zao zinabadilika rangi wakiwa hewani. Nikaikataa. Nyingine nimeibakisha kwa sababu ni mawingu na michoro tu ya njia, haidanganyi mtu, na nikawaambia waweke alama kwamba ni AI maana TikTok wenyewe wanataka hivyo kwa vitu vinavyofanana na ukweli. Waliogopa kwamba alama inapunguza watazamaji. Ipunguze.

Kuna jambo moja nilikasirika nalo, na nalisema. Kwenye ukurasa wa maoni waliweka wageni sita, sura safi, majina ya Kizungu, wanatusifia. Sio wageni wetu. Sio watu kabisa, wametengenezwa. "Ni za kushikilia nafasi tu mama," sawa, lakini tovuti ilikuwa tayari iko hewani! Nikawaambia zitoke kabla sijafika Bomang'ombe hapo njiani. Hii sio uzushi wa mama mmoja wa Moshi, Marekani ile tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni Agosti 2024 ikaanza kufanya kazi Oktoba, inakataza rivyuu feki zikiwemo zile za AI, kuna faini. Wateja wangu nusu wanatoka hukohuko. Na hata kanuni isingekuwepo, tuna wageni wa kweli waliotuandikia kwa mkono kwenye daftari la ofisi, niliwapigia picha kurasa za lile daftari nikawapa, ndo zipo pale sasa, na mwandiko mbaya wote.

Chatiboti. Hii ina faida na ina hatari, msikimbilie. Faida ni kwamba mgeni wa Marekani anauliza saa nane usiku sisi tumelala na anajibiwa, anaulizwa tarehe, idadi ya watu, njia anayotaka, asubuhi naamka nakuta kila kitu kimepangwa. Hapo hongera zao. Hatari niliiona tulipoijaribu kabla ya kuiwasha. Tulijifanya wageni, mi na mdogo wangu, tukaiuliza maswali ya kweli kweli. Ada ya hifadhi ya mlima ikasema dola 70 kwa siku, hapo ikanyamaza, VAT ya asilimia 18 haikuitaja, na kwa siku saba hiyo ni hela ya mtu. Nikauliza dawa za kuzuia ugonjwa wa mlima, ikaanza kutaja na dozi kabisa. Mdogo wangu akauliza, je nikishindwa kufika kileleni narudishiwa hela? Ikajibu kwa upole kabisa, ndio, tutakurudishia sehemu ya malipo yako. Nani kasema! Hatuna sera hiyo, hakuna kampuni ya mlima yenye sera hiyo ikabaki hai.

Nikawauliza madogo, mgeni akishika hilo neno itakuwaje? Wakasema tutaandika chini kwamba majibu ni ya mashine. Haisaidii. Air Canada, shirika la ndege la Kanada, walijaribu utetezi wa namna hiyo. Boti yao ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kuomba punguzo la msiba baada ya kusafiri, kumbe sera inakataa, alipodai kampuni ikasema boti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likawaambia boti ni sehemu ya tovuti yenu, lipeni, jumla ikawa kama dola 812 za Kanada, riba na ada zikiwa ndani. Shirika lina ndege kibao lile, hiyo ni hela ya chai. Mimi nikirudisha hela ya safari moja ya watu wanne nimefunga ofisi.

Wakairekebisha, hilo nawasifu, sa hivi boti imefungwa, inajibu yale tuliyoyaandika tu, ikiulizwa bei ya mwisho, dawa au kurudishiwa hela inasema subiri mtu wa ofisi atakujibu. Imekuwa na akili kidogo kuliko mwanzo na inanifaa zaidi.

La mwisho kwenye lawama, na hili msilipuuze nyie mnaochukua kopi za pasipoti. Fomu yao ya bukingi ilikuwa inapokea pasipoti, mtoto wa dada yangu anayesoma kompyuta akaijaribu kwa pasipoti yangu mwenyewe, kisha akanitumia linki, nikaifungua kwa simu nyingine kabisa bila neno la siri na pasipoti yangu hii hapa. Ndo ile programu iliyoandikwa na mashine, inaonekana imemalizika, batani zote zinabonyezeka, kumbe mlango wa nyuma uko wazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake ipo, anayebanwa ni mimi niliyemwomba mgeni pasipoti. Walifunga siku ileile na chalii mkubwa alikuja mpaka Moshi kuomba radhi, nikampa ndizi nyama akala. Lakini walipaswa kuiona wao. Ukienda, mtafute mtu wako wa pembeni aikague kabla ya kuiwasha.

Picha sasa nilifanya nini: nilimrudia kijana wa hapa Moshi aliyekuwa anatupigia zamani. Kanambia kazi za tovuti zimekauka, watu wanapiga simu kuuliza bei, akiitaja wanasema AI bure, amebaki na harusi na kipaimara. Tulimpandisha na kikundi kimoja mpaka Shira, akashuka maporomoko ya Materuni na chemchemi za Chemka, nikapata picha mia na zaidi za wageni wetu halisi waliokubali, wapagazi wetu kwa sura zao, mpishi wetu na sufuria zake. Nimelipa laki nne na nusu. Madogo wa Kaloleni wakazisafisha kwa AI, mwanga, ukungu, kuondoa chupa ya mtu pembeni, na hiyo kazi wanaiweza sana, nadhani hapo ndo pahala pao.

Logo pia nilibadili. Waliniletea ya mtindo wa tingatinga, tembo na mlima, nzuri kwa mbali. Sasa mtindo ule aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar mwaka 1968 na kuna wachoraji wanaoishi kwa brashi hiyo mpaka leo, nikaona aibu kidogo kuuchukua kwenye mashine. Halafu yule binti mwenyewe, kwa uaminifu wake, akanidokeza kwamba Marekani mahakama ya rufaa Machi 2025 ilishikilia kwamba kazi lazima iwe na mwandishi binadamu ndo ipate hakimiliki, so logo iliyotoka kwenye mashine peke yake mtu akiichukua kule sina pa kushikia. Kumbe binti anachora! Nilimwambia achore yeye kwa mkono, nikaongeza elfu themanini, na ndo hiyo mnaiona kwenye gari letu.

Mkienda: maandishi na barua chukueni macho yamefumba, boti chukueni ila muijaribu wenyewe kwanza kwa maswali magumu, picha pelekeni zenu kwenye flashi. Kifurushi bila picha wanashuka mpaka laki sita ukiongea nao vizuri, wanapokea kwa M-Pesa na benki, nusu mwanzo nusu mwisho, risiti wanatoa. Jumamosi wapo mpaka saa nane mchana. Pa kuegesha gari hakuna, shukia sokoni utembee.